Nyumba ya Kujenga na Nyumba ya Kununua

Miongoni mwa neema ambazo Mwenyezi Mungu Mtukufu amewahesabia waja wake katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, imo nyumba; na sifa aliyoipa nyumba hapo ni utulivu, si fahari wala wingi wa mali. Basi si ajabu kwamba kijana wa Kiislamu wa pwani ya Kusini anayejiandaa kuoa, awe Kilwa Masoko au Kivinje, Mchinga au Lindi mjini, hana jambo la dunia limshughulishalo kuliko hili la nyumba. Babu yake hakushughulika sana. Wazee walimwonyesha mahali, akakata nguzo na fito, jamaa wakaja wakakandika udongo, wanawake wakasuka makuti, na kabla ya masika alikuwa amekwisha hamia. Mjukuu ana milango miwili mbele yake. Ama anunue kiwanja, atafute fundi, ajenge nyumba aitakayo mwenyewe kidogo kidogo. Ama anunue au apange nyumba iliyokwisha jengwa na shirika, nyumba moja katika safu ya nyumba zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja.

Ipi bora? Katika mabaraza yetu jawabu hutolewa upesi. Wazee husema nyumba za safu si nyumba zetu, kwani zote ni sura moja, na mtu akirudi usiku atabisha mlango wa jirani. Vijana nao husema kujijengea ni kujitia katika mateso ya miaka 15, na mwisho wake ni gofu lenye mti wa mpapai sebuleni. Sisi twaona pande zote mbili zimeshika mkia wa jambo, na kichwa wamekiacha.

Tuanze na hilo la kufanana, maana ndilo lisemwalo zaidi. Yeyote aliyevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hata kisiwa cha Songo Mnara ameziona nyumba zilizojengwa na Waislamu wa pwani hii katika karne ya 14 na ya 15. Ziko zaidi ya 40 za mawe, mbali na misikiti. Hebu zipitie moja baada ya moja. Ngazi za mawe zakupandisha mlangoni. Kisha washuka katika ua uliochimbwa chini, wenye vidato vya kukalia. Kisha chumba kirefu chembamba cha kupokelea watu. Nyuma yake vyumba vya ndani. Na choo humo humo. Ingia nyumba ya pili, utakuta mpango ule ule, ila huyu ameongeza chumba na yule amepanua ua. Hata upana wa vyumba vyao ni karibu mmoja, usiozidi sana mita 3, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haimtii tajiri kuliko maskini.

Basi wazee wetu waliotajwa kwa ustaarabu hawakuona aibu kukaa katika nyumba zinazofanana. Wala tusidhani kila mtu wa zama hizo alikaa katika mawe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika khabari za safari yake aliieleza kuwa mji mzuri uliojengwa kwa miti. Na wachimbuzi wa Songo Mnara wamekuta, kando ya majumba ya mawe, alama za nyumba za miti na udongo. Nyumba ya udongo ni ya pwani hii kama ilivyo ya mawe.

Na nyumba tunayoiita ya Kiswahili, je? Hiyo nayo ni ramani moja iliyoenea pwani nzima na kuingia bara kwa njia za misafara: baraza mbele, ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hata wa nyuma, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, na nyuma ni uani, penye jiko, kisima au mapipa ya maji, na choo. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipoanza kuondoa vibanda vya Dar es Salaam na kujenga mahali pake, miongoni mwa nyumba ilizozijenga kule Magomeni zilikuwamo za mfano huu huu, kwa matofali ya saruji na mabati. Walikuwa wamefahamu jambo kubwa, ya kwamba ramani moja yaweza kuwafaa watu elfu, ikiwa imetoka kwa watu hao wenyewe.

Hapa ndipo palipo kichwa cha jambo. Si neno nyumba kufanana na ya jirani. Neno ni ramani yake imetoka wapi, na aliyeichora alijua nini juu ya watakaokaa humo. Nyumba za Songo Mnara zilifanana kwa kuwa haja za wenyewe zilifanana: walikuwa na wageni wa bahari wa kuwapokea, na walikuwa na wake na binti wa kuwasitiri, wakaupanga ua na chumba cha mbele ili mawili hayo yasigongane. Nyumba nyingi za siku hizi zafanana kwa sababu nyingine: mchoro ulipatikana tayari, eneo likagawanywa, hesabu ya matofali ikatoka vizuri. Katika hesabu hiyo mtu hakuulizwa.

Yafaa tueleze hizo haja, maana nyumba ya Mwislamu hujaribiwa siku maalumu, wala haijaribiwi siku mwenye nyumba anapopewa ufunguo.

Kwanza ni siku ya mgeni. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu. Amri hiyo yataka pawe na mahali pa kusimama anayebisha hodi. Baraza ilikuwa ndiyo mahali hapo. Mgeni mwanamume hukaa barazani, akaletewa kahawa, akazungumza, akaenda zake, na watu wa ndani hawakuvurugika. Lakini nyumba nyingi za mradi mlango wake wa mbele hufunguka moja kwa moja sebuleni, na sebuleni ndipo penye milango ya vyumba vya kulala, na pengine jiko laonekana pale pale. Anayekuja kudai ada ya taka huiona nyumba nzima kwa mtazamo mmoja. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo yawafundisha hata watoto wa nyumbani kubisha hodi katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya isha. Mtoto atafundishwaje adabu hii ikiwa njia ya kwenda chooni yapita katika chumba cha wazazi wake?

Pili ni siku ya msiba. Hapa twaomba msomaji atuvumilie, maana watu hawapendi kulitaja jambo hili wanaponunua nyumba. Maiti wa Kiislamu aghalabu huoshwa nyumbani kwake. Katika nyumba ya udongo kulikuwa na chumba chenye sakafu ya kuchimbika. Ufuo ulichimbwa, mwosha na wasaidizi wake wakazunguka kitanda pande zote, maji yakaenda ardhini, na jeneza likatoka kupitia ukumbi mnyoofu hata mlango wa mbele pasina kupindishwa. Sasa tazama nyumba yenye ushoroba wa upana wa mabega mawili, wenye kona mbele ya chumba. Tumeshuhudia jeneza likiinuliwa wima ili lipite kwenye kona kama hiyo, na watoto wa marehemu wakitazama. Fundi wa nyumba hiyo hakuwa mtu mbaya. Alipewa karatasi akaifuata.

Tatu ni eda, na hili ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, kama ilivyo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 234, na hukaa katika nyumba ile ile, asitoke ila kwa haja. Bibi zetu walikaa eda uani. Walikuwa na mbingu juu yao, mwembe au mkomamanga wa kuwapa kivuli, maji, jiko, na wanawake wa mtaani waliopitia mlango wa nyuma kuja kuwaliwaza bila kupita mbele za wanaume. Mjane wa leo katika nyumba ya vyumba viwili isiyo na ua, au yenye ua usio na ukuta, akaa wapi? Akitoka nje yu njiani. Akikaa ndani, yu chini ya mabati, katika joto la Lindi la mwezi wa Februari, siku 130. Tukimwona mwanamke huyo amechoka au ameivunja eda, twamlaumu yeye. Hatuilaumu nyumba, wala mumewe aliyeinunua bila ya kumwuliza mkewe neno moja.

Wala si kwetu tu. Ndugu zetu wa Unguja walikutana na jambo hili kabla yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, katika utawala wa Mzee Abeid Amani Karume, yalianza kujengwa Ng'ambo majumba marefu ya ghorofa, ya Kikwajuni na Kilimani na baadaye ya Michenzani, kwa mawazo na msaada uliotoka Ujerumani Mashariki. Nia ilikuwa njema: watu watoke katika vibanda, wapate kuta imara, maji na umeme. Tusikufuru neema hiyo. Lakini mtu wa ghorofa ya tano hana uani. Na hata wanawake wa chini, kutwanga kwao, kupika kwao shughuli, na kuanika kwao kukawa mbele ya barabara pana. Kuta zilikuwa imara, na sitara ikawa kazi ya pazia.

Baada ya maneno hayo msomaji atadhani twamwambia kila mtu ajijengee. La, hasha. Twayajua makosa ya wajijengeao, nayo si madogo.

La kwanza ni ukubwa. Pale Kilwa Kisiwani, juu ya mwamba utazamao bahari, yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyemkaribisha Ibn Battuta na kusifiwa kwa ukarimu. Lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Walioyachunguza magofu hayo waliona kwamba jumba hilo halikupata kukamilika. Ikiwa Sultani mwenye dhahabu ya Sofala alianza asichokimaliza, mwalimu wa shule ya msingi au mwuza samaki wa Somanga yampasa afikiri mara mbili kabla ya kuchimba msingi wa vyumba vinane. Pita leo njia ya kutoka Nangurukuru hata Lindi, uhesabu kuta zilizofika kwenye linta zikasimama hapo. Kila moja ni fedha ya mtu iliyolala, na aghalabu watoto wake wanaendelea kulipiwa kodi ya chumba mahali pengine.

La pili ni mahali. Mwezi wa Januari 2020 mafuriko yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao wilayani Kilwa. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Kilwa na Mafia, na mvua yake ikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi. Na wazee wa Lindi waliirithi kwa baba zao khabari ya kimbunga cha Aprili 1952, kilichoupiga mji wao. Kujenga bondeni kwa kuwa kiwanja ni rahisi si kutawakali. Yafaa kuuliza maji ya masika hupita wapi, na wa kuulizwa si mwuzaji, bali ni mwanamke mzee wa jirani achotaye maji hapo. Na paa lifungwe kwa ukuta kwa chuma kilichozikwa ndani yake. Misumari peke yake haimzuii upepo wa bahari.

La tatu ni mchanga. Wako mafundi wachotao mchanga wa ufuoni kwa kuwa hauna gharama. Mchanga huo una chumvi. Chumvi hula nondo ndani ya zege, na baada ya miaka michache zege hupasuka na kuanguka vipande. Zaidi ya hayo, ufuo unaochimbwa huliwa na bahari. Katika jambo hili nyumba ya shirika, yenye mhandisi na mkaguzi, mara nyingi huishinda ya fundi wa mtaani, nasi twasema hivyo bila ya haya. Huwa imejengwa juu ya ardhi iliyopimwa, ina barabara, ina mfereji wa maji machafu, na ina karatasi. Nyumba za gharama nafuu kama zile zilizojengwa na Shirika la Nyumba la Taifa pale Mtanda, Lindi mjini, mnunuzi wake hahangaiki na kiwanja kilichouzwa mara mbili. Na tukumbuke ni kesi ngapi za ndugu kwa ndugu zilizotokana na kiwanja kilichouzwa kwa maneno ya mdomo tu.

Iko pia khabari ya fedha, na hapa Mwislamu ana sharti asilolikwepa. Ajengaye kidogo kidogo huchelewa, lakini hulala bila deni. Anunuaye nyumba iliyo tayari huambiwa akope benki kwa kuweka nyumba rehani. Njia hiyo ilipanuliwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mkopo wa kawaida una riba, na hukumu ya riba haihitaji kuelezwa hapa. Hata hivyo mlango haukufungwa. Zipo benki na madirisha ya benki yaendeshwayo kwa sharia. Amana Bank, iliyoanza kazi mwaka 2011, ni mojawapo. Njia zao ni kama hizi: benki yainunua nyumba, kisha yakuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa tangu mwanzo, nawe ulipe kwa mafungu, au mwanunua kwa ushirika, nawe wainunua sehemu yake polepole huku ukilipa kodi ya sehemu iliyosalia. Twamsihi kijana asitosheke na jina la Kiislamu mlangoni. Aombe mkataba, ausomewe na mwanachuoni ajuaye hesabu, aulize adhabu ya kuchelewa yaenda wapi.

Na mke akiwa ametoa fedha yake katika nyumba, jina lake liandikwe katika hati. Tumeona wajane waliouza dhahabu zao za harusi ili paa liezekwe, na siku ya mirathi wakapewa thumni ya nyumba nzima kana kwamba mchango wao haukuwapo. Thumni ni haki yake katika mali ya mumewe, ikiwa mume ameacha watoto. Fedha yake mwenyewe si mali ya mumewe hata irithiwe.

Iko njia ya katikati, nayo si ngeni katika nchi hii. Tangu miaka ya 1970 serikali ilipima viwanja, ikatia barabara na maji, kisha ikawaachia watu wajenge wenyewe; Sinza na Kijitonyama, Dar es Salaam, zilianza hivyo. Shirika lafanya lile ambalo mtu mmoja haliwezi, yaani ardhi, njia na mifereji, na mtu afanya lile ambalo shirika halilijui, yaani nyumba yake mwenyewe. Kwa miji yetu midogo ya Kilwa na Lindi, ambayo bado ina nafasi, twaona njia hii ndiyo ya kuombwa na madiwani na wazee wa misikiti kabla ya nyingine. Na pale shirika linapotaka kujenga nyumba nzima nzima, liombwe lianze na ukumbi, baraza na ua wenye ukuta. Ukuta wa uani wa matofali si gharama ya kutisha ikilinganishwa na nyumba yenyewe, na mnunuzi angeulizwa, huenda angeacha vigae vya sebuleni akachukua ukuta huo.

Kwa aliyekwisha amua kununua, asiende peke yake kuitazama nyumba. Aende na mkewe, na ikiwezekana na mama yake. Wasimame mlangoni, waone jicho la mgeni lafika wapi. Watembee ushorobani wakiwa wamebeba ubao wenye urefu wa kitanda. Waende saa nane mchana, jua likiwa kali, wakae ndani nusu saa milango imefungwa. Watoke nyuma, waulize kama ruhusa ipo ya kujenga ukuta na kuongeza chumba, na ruhusa hiyo iandikwe.

Kisha watazame choo. Lindi na Kilwa ziko kusini ya Makka karibu sawasawa, hivyo kibla chetu ni kaskazini. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani hii, kuelekea kibla au kukipa mgongo ndani ya choo kilichojengwa kwa kazi hiyo hakukuharimishwa, lakini kuepuka ni bora. Katika mradi wa nyumba zinazofanana, ramani ile ile hugeuzwa robo kila inapofuata barabara nyingine, na choo kilichoelekea mashariki katika safu moja chaelekea kaskazini katika safu ya pili. Mchoraji aambiwe hayo mapema, kabla ya mabomba kulazwa.